Chunjua ya Nani?

Ninyi mnaoanza kazi ya mifugo, nasikia siku hizi mnafundishwa kompyuta kabla ya kufundishwa kamba. Sina ugomvi na kompyuta. Ila ng'ombe hana habari na cheti chako, na teke lake halichagui aliyefaulu na aliyefeli. Basi nianze na kamba. Fundo lako liwe la kufunguka kwa kuvuta ncha moja, na usiizungushe kamba mkononi mwako hata kama mwenye ng'ombe anakuapia kwamba mnyama wake ni mpole kama mke wake. Mwenzangu mmoja wa Chalinze aliizungusha. Ndama alishtushwa na honi ya lori, akatimka, na mwenzangu akaenda naye mpaka ndani ya kibanda cha mama lishe. Sufuria la supu lilimwagika lote. Mpaka leo akipita pale stendi wanamwita Supu, na anaitika.

Mimi naitwa Ramadhani Mihambo, lakini ukiniulizia kwa jina hilo hapa Mapinga watakutazama tu. Ulizia Bwana Mifugo. Nimestaafu, na mifugo yenyewe nayo kama imestaafu. Viwanja vimeuzwa kwa watu wanaofanya kazi Dar, na pale palipokuwa na josho la kuogeshea ng'ombe sasa pana nyumba ya ghorofa na mbwa asiyejua salamu. Babu wa babu yangu alishuka kutoka Unyamwezi na mzigo kichwani, akafika Bagamoyo, akautua, akaoa huku huku. Nimezaliwa pwani na chakula kisicho na nazi hakinishuki vizuri, lakini kwa Wazaramo mimi bado ni Mnyamwezi, yaani mtani wao. Mtani anakutukana mbele za watu, anakunyang'anya kitu chako msibani, na huruhusiwi kukasirika. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Leo nataka kuwasimulia habari za chunjua. Msicheke. Hivyo vinundu mnavyoviona kwenye pua ya ndama, kwenye chuchu za ng'ombe, kwenye vidole vya mtoto, vimenifundisha mambo mengi kuliko ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe. Na mwaka huu tu vilitaka kunivunjia heshima yote niliyojijengea hapa kijijini.

Aliyenilea kazini alikuwa Daktari Mkude, Mluguru mfupi, mchache wa maneno, anayekunywa chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai na kukupa wewe kikombe. Nilipokuwa mgeni kazini alinituma Ubena kwa mfugaji mmoja ambaye ndama wake walijaa chunjua shingoni mpaka kwenye kope. Nikawapaka dawa ya madonda kwa bidii zote. Baada ya miezi kadhaa nikarudi, ndama wote safi. Mfugaji alinipa jogoo. Nilirudi na jogoo wangu kifuani, najiona daktari bingwa. Mzee Mkude akamtazama yule jogoo, akasema, "Mrudishe kwa mwenyewe. Zingeanguka hata ungewapaka uji."

Ndivyo ilivyo. Ndama akikua na mwili wake ukishajua adui ni nani, chunjua nyingi huondoka zenyewe. Ndiyo maana kila kijiji kina mtu anayejua kuziponya, wa majivu, wa maziwa ya mpapai, wa kufunga uzi, na wote wana mashahidi. Usiwadharau. Waambie tu wasichome wala wasikate.

Tatizo ni kwamba sifa zangu zilikuwa zimeshaenea. Mfugaji yule yule akaniletea punda wake, jike la kubebea maji, lenye uvimbe kwenye paja kama chunjua iliyokasirika. "Mpake na huyu," akasema. Nikapaka. Ukakua. Nikachukua kisu, nikakata kwa ustadi kabisa, nikamfunga. Uvimbe ukarudi mkubwa kuliko wa kwanza, na ukaja na wenzake. Yule punda alikuwa akiniona kwa mbali anageuza masikio. Nikaenda kwa Mzee Mkude nimekuwa mdogo kama pilipili kichaa, nikamweleza.

"Ulijiuliza chunjua ya nani?" akaniuliza.

"Ya punda, daktari."

"Hapo ndipo ulipokosea. Hiyo ni ya ng'ombe. Punda kaipata zizini."

Akanieleza kwamba kila mnyama ana chunjua zake, zimeishi naye muda mrefu, na zimejua tabia za mwenye nyumba. Ya ng'ombe ikiwa kwa ng'ombe ina adabu: inaota, inakaa, inaondoka. Ikihamia kwa punda haijui mila za pale. Haioti vizuri, haiondoki, inageuka uvimbe mbaya, na ukiikata nusu nusu unaichokoza. "Ukiona chunjua," akasema, "usikimbilie kisu. Jiulize kwanza ni ya nani." Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote, hata kwenye mambo yasiyo ya mifugo.

Miaka mingi baadaye, karibu na kustaafu kwangu, akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, Dakta Neema, binti mwenye miwani na buti za mpira. Alitaka kukwangua chunjua za ng'ombe, mbuzi na punda kutoka huku pwani mpaka Ubena, akaambiwa amchukue Bwana Mifugo amwongoze. Nilimfundisha kamba, naye akanifundisha ukoo. Mambo aliyonieleza, Mzee Mkude aliyajua kwa macho na kwa kukaa na wanyama. Huyu binti aliyajua kwa kuvisoma virusi vyenyewe, herufi kwa herufi.

Kumbe kinacholeta chunjua ni virusi vinavyoitwa papiloma, na ni ukoo mmoja mkubwa, wa kale sana. Ndege wanavyo vyao. Samaki wanavyo. Hata kasa wetu hawa wa baharini wanavyo vyao. Dakta Neema alinichorea kwenye mfuko wa pumba mti wa ukoo wa wanyama, na kando yake mti wa ukoo wa virusi vyao. Ile miti miwili ilifanana, si sawasawa, lakini ungejua ni watu wa kijiji kimoja. Wanyama walivyogawanyika zamani hizo, huyu akawa ng'ombe, huyu nyani, huyu binadamu, na virusi vilivyokuwa ngozini mwao viligawanyika nao. Vinabadilika polepole mno. Haviwezi kuzaana peke yavyo, vinategemea vyombo vya mwenye mwili, na kila kimoja kimezoea vyombo vya nyumba yake. Ndiyo maana vingi havivuki.

"Lakini punda?" nikamuuliza, maana bado nilikuwa na machungu na yule punda.

"Punda ni ile mara moja moja, babu. Ukoo wowote una waliohama." Akanionyesha pia kitu kilichonishangaza zaidi. Sisi watu hatuna chunjua ya aina moja. Tunazo nyingi, na si ndugu wa tumbo moja. Baadhi ya za vidoleni ziko kwenye tawi moja. Kwenye tawi jingine kabisa kuna zinazokaa sehemu za siri, na baadhi yake zina undugu wa karibu zaidi na za nyani na tumbili kuliko na hizo za vidoleni mwetu. Katika hilo tawi zimo zile ambazo, zikikaa kimya ndani ya mwanamke kwa miaka, huweza kumletea saratani ya mlango wa kizazi.

Aliposema hivyo nikamkumbuka Mwajuma.

Mwajuma alikuwa binti wa Bi Tatu, msusi wa mikeka hapa Mapinga, Mzaramo wa kweli kweli na mtani wangu tangu ujana. Mwajuma alitokwa na damu muda mrefu akaficha, kwa aibu. Alipopelekwa hospitali mambo yalikuwa yamekwisha kwenda mbali, na ugonjwa wake ndio huo. Akafariki akaacha binti mmoja, Saumu, bado anatambaa. Siku ya maziko nilifanya kazi ya mtani. Nilisimama mlangoni na fimbo nikazuia jeneza lisitoke mpaka nipewe haki yangu, nikasema Wazaramo wavivu hata kuzika wanangoja kusaidiwa. Watu wakacheka na machozi yanawatoka. Nikauchukua mkeka mpya wa Bi Tatu, wa ukili wa zambarau na kijani, nikaukunja kwapani. Kwa desturi angekuja kuukomboa, kwa kuku, kwa sahani ya wali, kwa chochote nitakachotaka mimi. Hakuja. Nami sikuwa na roho ya kumkumbusha. Mkeka ulikaa juu ya kabati langu miaka yote hiyo.

Sasa nije kwenye mwaka huu. Wauguzi wa zahanati walikuwa wanapita shuleni kuchanja wasichana, chanjo ya kuwakinga na virusi hivyo hivyo vya papiloma. Asubuhi hiyo pikipiki ya zahanati ikagoma. Nesi Rehema, ambaye nilimjua tangu ananyonya, akanipigia simu: "Shikamoo babu. Tubebee kasha la chanjo mpaka shuleni, tafadhali, barafu isiyeyuke." Pikipiki yangu ina keria ya kasha, kwa sababu hata baada ya kustaafu nachanja kuku wa watu. Nikafunga kasha, nikaondoka.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Mimi nikichanja kuku wa kijiji nina honi yangu: tatu fupi, moja ndefu. Watu wakiisikia wanakimbilia mabandani, wanajua chanjo ya kideri imefika. Mkono una mazoea yake. Nilipofika geti la shule, bila kufikiri, nikapiga tatu fupi, moja ndefu.

Watoto wakalipuka kwa kicheko. "Chanjo ya kuku! Chanjo ya kuku imekuja!" Hao walikuwa wanatania. Lakini uzio wa shule ni wa michongoma, na ng'ambo yake wanawake wanauza maandazi. Waliona kasha, wakamwona Bwana Mifugo, wakasikia honi. Hata chai ya mapumziko haijanywewa, habari ilikuwa imefika mpaka barabara kubwa kwamba mabinti wanachomwa dawa ya ng'ombe ili wasizae. Akina mama wakaja na kanga zao viunoni. Wa mbele yao Bi Tatu. Hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Alimshika Saumu mkono, akatoka naye, na wengine wakafuata na wa kwao. Madarasa yakabaki na wavulana tu, wamekaa wanashangaa.

Nesi Rehema alikaa kwenye benchi la walimu akalia. Hakunilaumu. Alisema kesho watakuwa zahanati hapa hapa, keshokutwa wanahamia upande wa Chalinze. Kisha akaongeza, "Na Saumu, babu, mwezi ujao anapita umri. Akikosa kesho basi." Nilimwona Mwajuma mbele yangu, na ninawaambia kweli, niliogopa kuliko siku yoyote niliyowahi kuingia kwenye zizi la dume.

Alasiri nikautoa mkeka juu ya kabati, nikaufuta vumbi, nikaenda kwa Bi Tatu. Nilikuwa na hila yangu. Nilikusudia kumwambia: leo nataka haki yangu ya utani, ukombozi wa mkeka huu ni Saumu achanjwe. Mzaramo hawezi kumkatalia mtani kitu cha msibani. Nikajiona mjanja.

Nilimkuta barazani anasuka ukili, vidole vinakwenda vyenyewe. Saumu yuko pembeni anafungua mbuzi wao wawili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo." Akasita, akanyoosha kidole chenye kinundu. "Babu, hii nimeipata kwa mbuzi? Bibi kasema nisiwashike."

"Mbuzi wako hana hatia. Hiyo ni ya watu, umeipata kwa mwenzako mwenye vidole kama wewe. Ya mbuzi ingekuona ikashindwa hata pa kukaa."

Bi Tatu hakuinua uso. "Ya mbuzi haikai kwa mtu, ila dawa ya ng'ombe inakaa. Si ndiyo, Mnyamwezi?"

"Si dawa ya ng'ombe, Bi Tatu. Nilibeba kasha tu."

"Kubeba ndiyo kazi yenu tangu zamani. Mie sikulaumu kwa kubeba. Nakuuliza ulichokibeba."

Swali la haki. Nikakaa chini, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Kwamba ni ukoo mmoja, wa ng'ombe wana wao na sisi tuna wetu. Kwamba wataalamu wa zamani walianza kuuelewa ukoo huu kwa sungura na ng'ombe, hivyo aliyesikia ng'ombe hakusikia uongo mtupu. Lakini lililomo kwenye kichupa kile limefuatishwa kwa virusi vya watu, na ni ganda tu, ndani hamna kitu. Mwili unalijua lile ganda, siku mwenyewe akija anakuta mlango umefungwa. Nikamwambia na habari za punda, jinsi nilivyokata na kujiaibisha. Hapo akacheka kidogo, akasema punda yule alikuwa na akili kuliko mwenye kisu.

Kisha akaacha kusuka.

"Hivyo vya watu," akasema. "Vinaota mikononi tu?"

"Vingine. Vingine vinakaa ndani, havionekani."

"Ndani wapi?"

Alinitazama, nikajua kwamba ameshafika mwenyewe.

"Mwajuma?" akauliza.

"Ndiyo, Bi Tatu."

"Kwa hiyo kilichomla mwanangu kilikuwa cha nani? Maana watu walisema mengi. Walisema karogwa. Walisema malaya. Mie mama yake nilisikia kwa masikio haya."

"Kilikuwa cha watu. Chetu sote. Tumetembea nacho tangu hatujawa watu. Mke wa mtu aliyetulia nyumbani kwake anakipata kwa mumewe, na mume naye hajui kama anacho. Kwa wengi kinakuja na kuondoka hawajui. Kwake hakikuondoka. Hakufanya kosa lolote."

Akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Saumu alikuwa amesimama na kamba ya mbuzi mkononi, anasikia yote. Nilikuwa na mkeka magotini, na nilitakiwa sasa hivi nidai haki yangu. Sikuweza. Niliona nikimdai saa hiyo nitakuwa nimemfunga kamba, na huyu hakuwa wa kufungwa kamba. Nikautandika mkeka mbele yake.

"Huu ni wako," nikasema. "Sitaki ukombozi. Kuhusu Saumu, wewe ndiye mwenye neno. Zahanati watakuwapo asubuhi."

Aliupapasa. "Enheee. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa nao, mwizi." Sauti yake haikuwa na nguvu. Nikaaga nikaondoka, bila kujua nimepata au nimekosa.

Vijana, watu wataogopa chanjo zenu, na mara nyingi hofu yao ina mzizi. Utafuteni huo mzizi kabla ya kutafuta sindano. Aliyezuia mtoto wake hamchukii mtoto wake. Anampenda kwa kile anachokijua. Na mtu akiwa na donda la zamani, usiende kwake na elimu peke yake, nenda na muda wa kukaa. Na mambo ya honi, kila kazi na honi yake.

Asubuhi nikalibeba tena kasha, kutoka kituo cha afya chenye friji ya chanjo mpaka zahanati, maana pikipiki ya zahanati ilikuwa bado imegoma. Safari hii nilipita njia nzima bila kugusa honi, mkono wa kushoto nimeushikilia mbali nayo. Nilikata kona ya zahanati nikitegemea kukuta uwanja mtupu.

Mkeka wa zambarau na kijani ulikuwa umetandikwa kivulini, ukutani. Saumu amekaa katikati, na kando yake wasichana wa darasa lake, wengine wamebanana, wengine miguu nje kwenye mchanga. Mama zao wamesimama nyuma, wananitazama bila kunisalimia. Bi Tatu amekaa pembeni ya mkeka, miguu ameinyoosha kama yuko kwake.

Nilisimama na kasha keriani. Mimi, mtani, sikuwa na mzaha hata mmoja.

"Wee Mnyamwezi," akaniita, kila mtu asikie. "Mbona umesimama na mzigo? Tua. Watoto wa Mwajuma wanangoja."